Sauti Ndani ya Kabati: Historia ya Santuri Iliyofichwa na Ufunguo Wake

Katika nyumba za mawe za mwambao wetu vyombo vina desturi mbili. Vile vya kuonwa huwekwa katika vidaka vya ukutani: sahani za kaure, mabakuli ya Kichina, chupa za marashi. Vile vya kuhifadhiwa hutiwa katika sanduku la njumu, lile la mbao ngumu lililopambwa kwa misumari na mabamba ya shaba, ambalo aghalabu huwa na droo za siri zisizoonekana na mgeni. Kidaka hakina ufunguo, kwani mwenye macho yamtosha. Sanduku lina ufunguo, na zaidi ya ufunguo lina elimu yake: ajuaye pa kubonyeza ndiye mwenyewe.

Makala haya yanahusu chombo kilichoanza maisha yake kidakani kikaishia sandukuni. Nacho ni mashine ya kutoa sauti: kwanza santuri, kisha redio, kisha mkusanyiko mzima wa mitambo ya muziki wa nyumbani. Kwa zaidi ya miaka 100 sasa, watengenezaji na maseremala wa nchi za Magharibi wamekuwa wakikificha chombo hiki ndani ya samani. Na kila walipokificha zaidi, ndivyo walivyolazimika kubuni ufunguo mpya wa kukifikia. Ufunguo huo leo watu wengi huuita rimoti, na wapo wanaosema kitenzambali. Huenda msomaji akauliza: jambo hili la mafundi linatuhusu nini sisi wapenzi wa tungo? Linatuhusu, kwa sababu sauti iliyofichwa humo ndani ni pamoja na sauti za waimbaji wetu, na kwa sababu suala la nani ashike ufunguo wa kilichofichwa ni suala la kale katika ushairi wetu.

Pembe yatiwa ndani

Thomas Edison alibuni mashine ya kunasa sauti mwaka 1877 huko Menlo Park, New Jersey. Miaka 10 baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alisajili gramafoni yake iliyotumia sahani bapa badala ya mcheduara wa Edison. Kwa Kiswahili neno santuri likaja kubeba yote mawili, mashine na sahani yake.

Santuri za mwanzo hazikuwa na haya. Pembe yake kubwa ya bati au shaba ilitokeza kama ua la maboga, ikawa ndiyo kitu cha kwanza kuonwa na kila aingiaye sebuleni. Haikuwa pambo. Mitambo ile haikuwa na umeme, na pembe ndiyo iliyoikuza sauti ndogo ya sindano hata ikajaza chumba. Mtu alisikia na papo hapo akaona inakotoka sauti.

Walakini pembe ilikuwa na adha zake. Ilijaa vumbi, ilichukua nafasi, ilipigwa vikumbo na watoto, na katika sebule ya tajiri ilionekana kama chombo cha karakana kilichopotea njia. Mwaka 1906 kampuni ya Victor ya Camden, New Jersey, iliyoasisiwa mwaka 1901 na fundi Eldridge Johnson, ilileta dawa yake. Iliipindua pembe ikaelekea chini, ikaifungia ndani ya kabati refu la mbao lenye kifuniko juu na milango miwili midogo mbele. Kabati hilo likaitwa Victrola, na bei yake ya mwanzo ilikuwa dola 200, fedha nyingi mno kwa wakati huo. Mashine ikawa samani.

Milango ile miwili yafaa tuitazame vyema. Haikuwa ya urembo pekee. Santuri isiyo na umeme haina kitufe cha kupunguza sauti. Aliyetaka sauti ndogo ilimbidi abadilishe sindano. Katika Victrola, aliyetaka sauti kubwa alifungua milango, na aliyetaka sauti ndogo aliirudisha kidogo kidogo mpaka ikafunga. Kwa hiyo chombo cha kwanza kufichwa kilikuja na kidhibiti cha kwanza, nacho kilikuwa mlango. Hata mtoto aliweza kukitumia, na hata kipofu aliweza kukipapasa. Kilichoficha na kilichofungua kilikuwa kitu kimoja.

Wapinzani hawakukawia kuiga. Edison mwenyewe, aliyekuwa mgumu wa kuacha pembe ya nje, alitoa mashine yake ya pembe ya ndani mwaka 1909. Pembe ya nje ikaanza kuonekana kitu cha kizamani.

Mbwa, pembe na Siti

Hapa pana kichekesho cha historia. Victor na kampuni ndugu yake ya Uingereza, Gramophone Company, zilitumia nembo moja: mbwa aliyeinamisha kichwa akisikiliza sauti ya bwana wake itokayo pembeni, kutokana na picha iliyochorwa na Francis Barraud. Pembe ilipokwisha kuzama ndani ya makabati ya mabwana, kwenye nembo ilibaki pale pale. Mbwa aliendelea kusikiliza kitu ambacho wanunuzi wengi walikuwa wamekwisha kukificha.

Na ni chini ya nembo hiyo ndipo sauti ya Unguja ilipoingia katika sahani. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwa kampuni ya Gramophone, ile iliyojulikana kwa Waingereza kwa jina la “Sauti ya Bwana Wake”. Maisha ya bibi huyu yaliandikwa baadaye na Shaaban Robert, na wasomaji wetu hawana haja ya kusimuliwa upya. Linalotuhusu hapa ni jambo moja: tangu siku ile, nyimbo za Kiswahili nazo ziliweza kusikika bila mwimbaji kuonekana. Msikilizaji wa Lamu, Tanga au Ngazija aliweza kumsikia Siti asiyewahi kumtia machoni. Ufichaji wa kwanza, basi, haukufanywa na seremala. Sahani yenyewe ndiyo iliyomficha mwimbaji, na kabati likaja kuificha sahani. Ni pazia juu ya pazia.

Hata hivyo, santuri ya mkono ilikuwa na uungwana wake. Ili iseme ilihitaji mtu aiendee, aizungushe mpini, aweke sindano, na baada ya dakika tatu au nne ainuke tena ageuze upande wa pili. Sauti ilikuwa na mhudumu wake, na mhudumu alionekana. Palipokuwa na santuri palikuwa na mtu wa santuri.

Mkono warefushwa

Redio ilipoingia majumbani katika miaka ya 1920 ilifuata njia ile ile kwa haraka zaidi. Mwanzoni ilikuwa ubao wenye valvu, nyaya na betri za majimaji yanayounguza zulia. Haukwisha mwongo huo kabla haijavishwa kabati la mbao lililong'arishwa, na mara redio na santuri zikaunganishwa katika kabati moja. Mwaka 1929 kampuni ya redio ya RCA iliinunua Victor yenyewe, ndoa ya mitambo ikawa pia ndoa ya makampuni.

Kabati lilipokuwa zito na kubwa liliwekwa ukutani, na kiti cha starehe kikawekwa mbali nalo. Ndipo likazuka tatizo jipya: umbali kati ya sikio na mkono. Sikio husafiri bila kuondoka kitini; mkono hauwezi.

Kuamuru kitu kutoka mbali bila waya halikuwa wazo geni. Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio mjini New York mwaka 1898, na mhandisi wa Kihispania Leonardo Torres Quevedo akaja na chombo cha namna hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini hao walifikiria mashua na silaha. Wa kwanza kuileta amri ya mbali sebuleni bila waya alikuwa ni kampuni ya Philco ya Philadelphia, iliyotoa mwaka 1938, kwa msimu wa 1939, kidhibiti ilichokiita cha fumbo.

Kilikuwa kisanduku cha mbao kisicho na waya, chenye betri ndani na duara la kuzungusha mfano wa simu za zamani. Mtu alitia kidole, akazungusha hadi kwenye jina la stesheni, akaachia. Duara liliporudi lilituma mapigo kadhaa ya mawimbi ya redio. Ndani ya kabati kubwa koili pana iliyapokea, na mtambo ukayahesabu ukasogea hatua kwa hatua mpaka stesheni iliyotakiwa. Pigo moja lilikuwa na maana moja, mapigo mawili maana nyingine. Kwa kuwa mawimbi hayajui ukuta wa jirani, mafundi waliweza kukitega chombo kwa masafa tofauti ili nyumba hii isiibadilishie nyumba ile stesheni. Kidhibiti hiki kilipita mbao bila shida, na kwa hiyo redio ingeweza kufichwa popote. Kilikuwa ghali, nacho hakikudumu: vita vilifika, na mwaka 1942 viwanda vya Marekani viliacha kutengeneza redio za raia.

Baada ya vita uwanja uliingiliwa na televisheni. Kampuni ya Zenith ya Chicago, ambayo mkuu wake Eugene McDonald alichukia matangazo ya biashara na kutaka watazamaji waweze kuyanyamazisha, ilitoa mwaka 1950 kidhibiti cha waya kilichowakwaza watu miguu. Mwaka 1955 fundi wake Eugene Polley alileta tochi: mtu alielekeza mwanga kwenye mojawapo ya pembe nne za kioo, na televisheni ikatii. Ila jua nalo lilikuwa tochi; lilipopiga dirishani, televisheni ilijiamulia yenyewe.

Mwaka 1956 ukaja ufumbuzi wa Robert Adler, mwanafizikia mzaliwa wa Vienna. Alitengeneza kidhibiti kisicho na betri wala umeme. Ndani yake mlikuwa na vijiti vinne vya alumini vya urefu unaotofautiana kidogo. Ukibonyeza, kinyundo kiligonga kijiti, nacho kikalia kwa sauti ya juu mno isiyosikika na sikio la mwanadamu. Televisheni iliisikia ikatofautisha kijiti kwa kijiti. Msomaji anayejua ala ataona hapa kwamba kidhibiti hiki kilikuwa ala ya muziki: marimba ya noti nne, yenye msikilizaji mmoja. Mbinu hii ilitawala kwa takriban miaka 25, ingawa vishindo vya sarafu au minyororo ya mbwa viliweza pengine kuigiza noti zake na kubadilisha stesheni bila idhini ya mtu.

Mwaka huo huo wa 1956, upande wa pili wa bahari, kampuni ya Braun ya Ujerumani ilitoa santuri-redio iliyosanifiwa na Hans Gugelot na Dieter Rams. Ilikuwa ya bati jeupe na ubao mwepesi ubavuni, na juu ilikuwa na kifuniko cha plastiki kinachoonya kama kioo. Wajerumani waliitania kwa kuiita jeneza la binti yule wa ngano aliyelazwa ndani ya kioo. Hawa walisema: usifiche, bali ifanye nzuri ili iweze kuonwa. Kwa hiyo katika mwaka mmoja tunaona madhehebu mawili ya sebule. Moja ni la sanduku la njumu, jingine ni la kidaka. Hadi leo hayajapatana.

Nusu ubeti wa mwanga

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiti vya Adler vilikwisha kupisha miali ya infraredi, yaani mwanga ulio chini ya wekundu, usioonekana kwa jicho. Ndiyo inayotumika hadi leo katika rimoti nyingi. Jinsi miali hii inavyosema ni jambo ambalo mpenzi wa arudhi atalifurahia, na sijaona mahali lilipoelezwa kwake.

Tuchukue mfumo mmoja ulioenea sana, ule wa kampuni ya NEC ya Japani. Unapobonyeza kitufe, taa ndogo mbele ya rimoti huwaka na kuzima mara 38,000 kwa sekunde, ili mpokeaji autofautishe mwanga wake na mwanga wa taa ya nyumba. Kwanza hutoka mwako mrefu wa milisekunde 9, ambao ni kama hodi. Hufuata kimya cha nusu ya muda huo. Kisha huja alama 32, nazo zimepangwa katika vipande vinne, kila kipande alama nane. Kipande cha kwanza hutaja chombo kinachosemeshwa. Cha pili hurudia kile cha kwanza kwa kukigeuza: palipokuwa na ndiyo pakawa siyo, palipokuwa na siyo pakawa ndiyo. Cha tatu hutaja amri. Cha nne huigeuza amri ile vivyo hivyo. Mpokeaji akikuta kwamba kipande na kinyume chake havilingani, hujua kuwa maneno yameharibika njiani, naye hukataa kutii.

Mizani nane ukwapi, mizani nane utao, mishororo miwili: hiyo ni nusu kamili ya ubeti wa tarbia. Mafundi wa Tokyo hawakuwa na habari ya tarbia, wala sidai kwamba walikuwa nayo. Nasema tu kwamba aliyetaka maneno yake yafike salama bila kuandikwa, awe malenga au mhandisi, aliona haja ya kipimo na marudio. Na kuna la ajabu zaidi. Katika mfumo huu miako yote 32 ina urefu mmoja. Kinachoitenga ndiyo na siyo ni urefu wa kimya kinachofuata kila mwako. Maana imo katika pumziko, jambo ambalo kila mghani analijua.

Si wote waliotunga kwa bahari hiyo. Philips ya Uholanzi ilikuwa na mfumo wake wa alama 14, na makampuni mengine yalikuwa na yao. Matokeo yake ni kwamba mwenye redio, kinanda cha kaseti, mashine ya diski na televisheni za makampuni manne alikuwa na rimoti nne mezani, zisizosikilizana hata neno moja. Ndipo mwaka 1985 kampuni ya General Electric ya Marekani ikatoa rimoti iliyoweza kujifunza maneno ya rimoti nyingine, na mwaka 1987 Steve Wozniak, mmoja wa waasisi wa Apple, akatoa ya kwake kupitia kampuni aliyoianzisha baada ya kuondoka huko. Uliziweka rimoti mbili uso kwa uso, ya zamani ikasema, mpya ikahifadhi. Hivyo ndivyo wanafunzi wa madrasa na wa ngoma walivyofunzwa tangu zamani, kwa kukariri kutoka kinywani mwa mwalimu.

Kabati lisilo na dirisha

Kwa miali hii tatizo la kabati likarudi upya. Mawimbi ya Philco yalipita mbao. Miali ya infraredi haipiti. Mwenye mali aliyetaka mitambo yake isionekane, imefungwa katika almari ya mkangazi au nyuma ya ukuta, alijikuta ana rimoti inayopiga kelele mbele ya mlango uliofungwa.

Mafundi wakabuni jicho. Kijicho kidogo kama kichwa cha msumari hupachikwa mbele ya samani, au juu ya fremu ya picha. Kijicho huupokea mwali, hugeuza kuwa umeme, huupeleka kwa waya mwembamba hadi ndani ya kabati, na huko vitaa vidogo vilivyobandikwa mbele ya kila chombo huutoa tena kama ulivyoingia. Ni mkalimani asiyeongeza wala kupunguza. Wengine waliirudia njia ya Philco: rimoti ikatuma mawimbi ya redio kwa kisanduku kilichofichwa, nacho kikageuza kuwa miali mlemle kabatini. Kazi hii ilipanuka hata ikawa taaluma, na mwaka 1989 mafundi wake nchini Marekani waliunda chama chao, CEDIA. Seremala na fundi umeme wakawa wanakaa meza moja: huyu akitoboa tundu la waya na kuacha upenyo wa hewa nyuma ya rafu, maana mtambo uliofungiwa bila hewa huungua, yule akitunga rimoti ya nyumba ile moja tu, yenye vitufe vilivyopewa majina na mwenye nyumba.

Hapo ndipo penye fundisho zito la historia hii. Vyombo vingi vilikuwa na kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima: ukikibonyeza, kilicholala huamka, kilicho macho hulala. Kwa chombo kilicho mbele ya macho hakuna tabu. Kwa chombo kilichofichwa ni balaa. Mtu abonyeza “washa muziki”; amplifaya ilikuwa imezimwa, ikawaka; lakini mashine ya diski ilikuwa imeachwa wazi tangu jana, nayo ikazimika. Kimya. Mtu abonyeza tena, vyote viwili vikabadilishana zamu. Kimya tena. Mambo yanakwenda kinyume nyuma ya mlango wa mkangazi, wala hakuna anayeyaona. Kwa sababu hiyo watungaji wa rimoti hizi walizitafuta kwa udi na uvumba amri mbili zilizotengana, moja ya kuwasha tu na nyingine ya kuzima tu, ambazo mara nyingi chombo kilizijua lakini rimoti yake ya asili haikuwa na vitufe vyake. Zilikuwa kama droo za siri za sanduku: zipo, ila hujui pa kubonyeza.

Mwaka 1998 Philips ilitoa Pronto, rimoti yenye kioo cha kugusa, ambayo mwenyewe aliweza kuichorea kurasa zake kwa kompyuta. Wapenzi wake walibadilishana misimbo ya vyombo kwa maelfu, kila mmoja akitoa alichokigundua. Kampuni iliachana na Pronto mwaka 2010, lakini namna yake ya kuandika misimbo bado inatumika kwa mafundi. Ikaja Harmony, iliyobuniwa Kanada na kununuliwa na Logitech mwaka 2004. Hii haikumuuliza mtu anataka chombo gani, bali anataka kufanya nini: kusikiliza muziki, au kutazama filamu. Mambo yalipokwenda mrama, ilikuwa na kitufe cha msaada kilichomhoji mwenyewe: je, redio sasa imewaka? Yaani kifaa kilichobuniwa ili mtu asilazimike kuona kilibidi kimwombe akaone. Mwaka 2021 Logitech ilitangaza kuacha kuitengeneza, huku ikiahidi kuendelea kuwahudumia wenye nazo.

Nani ashike ufunguo?

Tukirudi nyuma kuitazama njia yote, tunaona jambo moja likijirudia. Kila safari ya kuficha iliondoa kitu machoni na kuongeza kitu cha kujulikana. Milango ya Victrola haikuhitaji elimu. Duara la Philco lilihitaji kusoma. Rimoti iliyotungwa kwa nyumba moja yahitaji kumjua mtungaji wake, na akifariki au kampuni ikifunga, nyumba yaweza kubaki na muziki usiofikika. Mgeni, mtoto, bibi mwenye umri mkubwa, wote hukaa katika chumba kilichojaa sauti za dunia nzima wasiweze kuzitoa hata moja. Aliyeficha kwa ajili ya uzuri amewanyima wenzake wa nyumbani bila ya kukusudia.

Wapenzi wa mafumbo tusijione tumepona hapo. Malenga wetu nao hufunga maana ndani ya kabati la maneno, na hiyo ni haki yao na ni utamu wa sanaa. Lakini fumbo lililo zuri lina mlango. Msikilizaji makini akilipapasa atauona. Fumbo ambalo ufunguo wake alikuwa nao mtu mmoja, akaenda nao kaburini, huwa sanduku tu. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya tungo na pamoja nazo maelezo ya mambo yaliyozizaa, na W. E. Taylor akayaandika kabla wenye kukumbuka hawajakwisha. Bila kazi ile tungebaki na vina na mizani, na maana ikiwa imefungiwa ndani.

Kwa hiyo sisemi kwamba kuficha ni kosa. Nyumba njema si mlango, wamesema wahenga, na sebule tulivu isiyo na nyaya ni neema kwa macho. Nasema kwamba afichaye ana deni. Fundi anayefunga mitambo ndani ya almari na aache humo ndani karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka: kipi ni kipi, waya upi waenda wapi, misimbo ipi imetumika, na jinsi ya kuwasha kwa mkono siku rimoti itakapokufa. Na aache mlango unaofunguka. Mwenye nyumba naye amfundishe walau mtu mmoja mwingine, kama wazee walivyokuwa wakimwonyesha mmoja wa watoto mahali pa kubonyeza katika sanduku la njumu.

Siti binti Saad hajaonekana tangu mwaka 1950 alipofariki. Sauti yake ingali imo sandukuni, na sahani haikumpunguza kitu maadamu yupo wa kuicheza. Itakapofika siku sahani ipo, mtambo upo, umeme upo, na hapana ajuaye pa kubonyeza, hapo ndipo atakapokuwa amefichwa kweli.